Kizimba na Harufu ya Sangara

Mbwa aliingia nyumbani kwetu akiwa amefungwa ndani ya shati la mwanamume mwingine. Naanza na shati kwa sababu hata leo nikikumbuka mwaka ule, shati ndilo linalonijia kwanza, mbwa baadaye. Lilikuwa la mistari ya bluu, mtumba wa daraja la kwanza, vifungo vyote vipo. Mke wangu alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na katikati yake yalichungulia masikio mawili na pua nyeusi iliyolowa.

"Supavaiza wetu kanipa," alisema. "Mbwa wake kazaa kule kwenye banda la walinzi, nyuma ya kiwanda. Kasema wezi walivyozidi huku Pasiansi, nyumba haikai hivihivi."

"Na yeye karudi kwake kifua wazi?" niliuliza.

Alicheka mpaka masikio ya mbwa yakatikisika. Mimi sikuwa natania.

Tulikuwa mwaka wa pili katika ndoa, watoto bado, na tulipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane. Mimi ni Msukuma wa Usagara, nimekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Yeye ni wa kisiwani Ukerewe, na kisu cha samaki alikishika kabla hajashika penseli. Nilikuwa nimefanya kazi kiwanda cha nguo tangu nikiwa sina ndevu. Halafu ikaja ruksa. Milango ya nchi ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na vitambaa tulivyofuma vikalala bohari mpaka panya wakavichoka. Tukaambiwa tukapumzike nyumbani, tutaitwa, na mpaka naandika haya hakuna aliyeniita.

Miezi hiyohiyo kando ya ziwa vilikuwa vinafunguliwa viwanda vya minofu ya sangara, vikitafuta wanawake wenye mikono myepesi. Mke wangu alikwenda asubuhi moja kuulizia, akarudi jioni ana kazi. Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyolitazama lile shati. Mitumba ilikuwa imeninyima kazi, na sasa ilikuwa imelala kifuani kwa mke wangu.

Nilikuwa na swali moja tu mwaka ule, nikilala nalo na kuamka nalo: mke wangu bado ni wangu? Na halikuanzia kwenye shati. Lilianzia kwenye sabuni. Wanawake wengine wa mtaa wetu waliofanya kazi kule walipita barabarani mara baada ya zamu kwisha, wamechoka, nzi wanawasindikiza, na ukiwa ndani ya nyumba ulijua wamepita hata kama hawakusema neno. Wangu alifika karibu saa nzima baada yao, uso unameremeta, ananukia sabuni ya manukato, ile iliyofungwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi. Mtu aliyeshinda anachuna sangara ananukia kama bibi harusi! Nilikaa kwenye stuli yangu mlangoni, nikamwitikia salamu. Lakini mwanamume anayepewa na mkewe hela ya sigara atauliza kwa mdomo upi?

Mama mwenye nyumba alimkubali mbwa kwa shingo upande. Alikuwa Mwislamu mwenye kushika dini, mtu wa mjini tangu enzi za babu yake, na pale barazani ndipo alipotandika mkeka wake wa kuswalia.

"Shikamoo mama," nilimwambia nilipokwenda kumweleza.

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichokuja nacho, nimeshamsikia. Mimi mate ya mbwa siyataki kwenye vyombo vyangu wala kwenye maji yangu ya kutawadhia. Usiku azunguke atakavyo, alinde, hata mimi nitashukuru. Mchana afungiwe, na asinipigie kelele."

Hakudai kitu cha ajabu. Mbwa wa ulinzi kwetu ndivyo anavyofugwa, mchana yuko ndani na jioni anaachiwa, ndipo anapokuwa mkali. Basi nikaokota mbao za makreti mabovu, nikaomba kipande cha bati, nikatengeneza kizimba. Nilikipigilia vizuri, fito mbele, mlango wa kuteleza kutoka juu, nikakiweka uani kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa ambalo nyumba imeliegemea. Nilikuwa sijatengeneza kitu kwa mikono yangu tangu kazi iishe, na kwa siku nzima nilijisikia mtu.

Jioni mke wangu alikizunguka, akakisifu, akanikalisha chini kunipa maelekezo.

"Supavaiza anasema siku za mwanzo mlango ubaki wazi. Anasema chakula awekewe mlangoni kwanza, halafu kisogezwe ndani kidogo kidogo. Anasema asisukumwe, akisukumwa mara moja hasahau."

"Na kuhusu mimi anasema nini?"

"Wewe? Wala hakujui."

Jibu hilo liliniuma kuliko tusi. Nilikuwa nimempa mtu yule saa zangu zote za mchana, nimemchora pua, saa ya mkononi na pikipiki, kumbe yeye hajui kama nipo.

Kesho yake mke wangu alipoondoka, nilifanya kinyume cha kila alichosema supavaiza. Nilimshika mbwa kwa ngozi ya shingo, nikamwingiza kizimbani, nikashusha mlango. Alinyamaza kidogo, akinusa pembe. Kisha akaanza. Sijui sauti ile ilikaa wapi ndani ya kiumbe kile, maana hakuzidi kiatu. Alilia, akabweka, akakwaruza fito, akatumbukiza mguu kwenye bakuli la uji. Kama haitoshi, ndege moja ya mizigo, ya zile zilizokuja kubeba minofu kwenda Ulaya, ikapita chini kabisa juu ya mabati yetu ikielekea uwanjani. Nilipoinua mlango alitoka mbio, akapita katikati ya miguu yangu, akaenda kujificha chini ya kitanda. Tangu hapo alipokiona kizimba alikaa chini na kugeuza kichwa pembeni, kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Nilijaribu dagaa. Alikula wa nje, akawaacha wa ndani. Nilijaribu kichwa cha sangara cha kukaanga. Alinyoosha shingo mpaka nikadhani itakatika, miguu ya nyuma imekita mchangani, akakikwapua, akakimbia nacho. Nilijaribu kumtukana kwa Kisukuma, jambo ambalo lilinisaidia mimi peke yangu.

Jumapili mke wangu alikuwa hana zamu. Alilichukua lile shati, akalikunja, akalitandika ndani ya kizimba. Akakaa chini mchangani, kitenge amekipandisha magotini, mkono mmoja ndani ya kizimba, vidole vinacheza. Alizungumza naye kwa Kikerewe, polepole, sauti ya chini. Nilikuwa nakijua Kikerewe kidogo, kile cha uchumba, na maneno mengine niliyatambua, maana yaliwahi kuwa yangu. Mbwa alisogea. Alilamba vile vidole, akavilamba tena, akang'ang'ania kwenye kucha kama kuna kitu kimejificha humo. Halafu akaingia mwenyewe, akazunguka juu ya shati, akalala.

"Umeona?" alisema mke wangu. "Hataki nguvu. Anataka kubembelezwa tu."

Nilisema nimeona. Niliona pia kwamba juma zima tulikuwa hatujazungumza kwa muda mrefu kiasi hicho, mimi na yeye. Nilimwonea mbwa kijicho, nasema kweli. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha ufundi, ninamwonea kijicho mnyama anayekojolea chakula chake.

Siku zilizofuata alizoea. Asubuhi aliingia kizimbani peke yake, akalala juu ya shati la bwana yule, na mama mwenye nyumba akanipungia mkono kutoka barazani kunipongeza. Mimi nilikaa na stuli yangu nikitazamana na ile mistari ya bluu. Mke wangu anasema "supavaiza" nyumbani kwangu, mbwa wangu analala ndani ya supavaiza uani kwangu, na kila alasiri sabuni inaingia mlangoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi moja nikalichomoa lile shati kutoka chini ya mbwa, nikalitia kwenye karai.

Nililifua kama naua kitu. Povu lilitoka jeusi, na harufu ya samaki ikapanda mpaka nikageuza uso. Nikawaza, ndiyo harufu yake mtu huyu, hata nguo zake za mjini zinanuka. Nikabadilisha maji, nikafua tena kwa kipande cha sabuni ya mke wangu, ile ya karatasi ya waridi. Lilipokauka nikalirudisha kizimbani limenyooka, safi, halina mtu ndani yake.

Mbwa alilinusa mara moja. Akarudi nyuma, akakaa, akanitazama. Nilipomwingiza kwa nguvu alilia asubuhi nzima, na kesho yake vilevile. Mke wangu alirudi, akaona shati linang'aa, akaniuliza kwa nini nimelifua.

"Lilikuwa chafu," nilisema.

"Tangu lini wewe unafua?"

Alinitazama kidogo, akaenda kubandika sufuria.

Ndipo mama mwenye nyumba aliponiita barazani. Ijumaa alikuwa na hitima ya marehemu mumewe, wageni wangekuja, na masheikh. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini Ijumaa kisomo kikianza, mbwa yule awe amenyamaza ndani ya kizimba chake, au awe amehama. Sitamsomea mume wangu Qur'ani huku mbwa anaitikia."

Katikati ya shida hiyo nilipanda gari kwenda Usagara kumsalimia mama. Kusema kweli nilikwenda kupima kama bado nina mahali. Mama alinipokea vizuri, akanikalisha, akanionyesha ndama waliozaliwa. Kaka zangu walisema maneno yao ya siku zote, kwamba mjini nimebaki kulinda nini, zizi lipo, shamba lipo. Mama alikijaza maziwa kibuyu nilichokuja nacho. Kibuyu hicho kilikuwa chake, alinipa siku nilipooa, na kilining'inia ukutani juu ya meza yetu. Maziwa nilikuwa nakunywa peke yangu. Mke wangu hakuwahi kukigusa, alisema maziwa ya mgando hayampendezi, na mimi sikuwahi kulalamika, maana hayakuwa ya kutosha wawili.

"Mkeo bado anashika samaki?" mama aliuliza, akifunga mdomo wa kibuyu.

"Bado."

"Basi nyumba yako sasa inanuka kama mwaloni mitumbwi inaposhusha."

"Hapana mama. Anarudi ananukia sabuni ya manukato."

Mama alisimamisha mkono. "Mwanamke wa samaki ananukia manukato?" alisema. "Huyo muulize, mwanangu. Mimi sisemi kitu, lakini huyo muulize."

Nilirudi Pasiansi na kibuyu mapajani na uamuzi kichwani. Hitima ikipita nitamuuliza. Na jibu likiwa lile ninaloliogopa, nitabeba godoro langu nirudi kwa ng'ombe, yeye abaki na mbwa wake, shati lake na supavaiza wake.

Ijumaa ilifika. Mke wangu alikwenda kazini kama kawaida. Uani waliweka masufuria ya pilau, wanawake wakaketi upande mmoja, barazani ikatandikwa mikeka. Mbwa alikuwa ndani ya kizimba na alikuwa ameshaanza. Mama mwenye nyumba alinitazama mara moja tu, kwa mbali, akiwa amejifunga mtandio wake mweupe. Nikamtoa mbwa, nikaingia naye chumbani, nikafunga mlango, nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniponyoka. Akaingia chini ya kitanda, mahali pake pa siku za ndege, nikasikia anakwaruza kitu kule mwisho ukutani.

Alitoka kinyumenyume anaburuta mfuko wa plastiki, ule wa rambo. Ulikuwa umefungwa mafundo mawili, umesukumwa nyuma ya ndoo kuukuu, mahali ambapo mtu hafiki bila kulala kifudifudi. Sikuwahi kuuona. Nikawaza, ndio huu, zawadi zake ziko humu, sasa nimefika mwisho wa safari. Nilikaa kitandani na ule mfuko, mafundo yakanishinda kwa vidole, nikayafungua kwa meno.

Harufu iliyotoka ilinifanya nisimame. Samaki, samaki wa siku nyingi, na jasho, na damu. Ndani kulikuwa na kitenge kimoja cha zamani na kilemba chake. Nilikifahamu kile kitenge, alikivaa siku za uchumba wetu tulipokuwa tukitembea kandokando ya ziwa, na sasa kumbe ndicho alichokuwa akijifunga ndani ya koti jeupe la kiwanda. Nilikikung'uta, nikageuza huku na huku. Hapakuwa na kitu kingine. Hakuna barua, hakuna hereni, hakuna mwanamume.

Mbwa alikuwa amesimama kwa miguu miwili, anatetemeka mwili mzima kwa hamu. Nikakumbuka alizaliwa wapi. Nyuma ya kiwanda cha samaki, mama yake anakula vichwa na mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishachunwa, analala kwenye yale yaliyotupwa. Nikakumbuka povu jeusi. Nikakumbuka vile alivyolamba kucha za mke wangu, mahali pekee ambapo sabuni haikufika.

Nilitoka na kitenge nimekificha chini ya shati langu, nikapita nyuma ya masufuria ya pilau, nikakitandika kizimbani na kuacha mlango wazi. Mbwa aliingia bila kuitwa. Alizunguka, akatia pua kwenye pindo, akashusha pumzi ndefu, akalala. Barazani kisomo kilianza. Kilisomwa mpaka mwisho na yeye hakuinua hata sikio. Baadaye mama mwenye nyumba aliniletea sahani ya pilau mwenyewe, kwa mkono wake, akasema Mungu akubariki.

Niliila yote nikiwa nimekaa karibu na kizimba, sijatulia hata kidogo. Wivu ukikosa mtu wa kumshika hauondoki, unabaki umesimama hapohapo unaangaza. Kwa nini mtu afiche nguo ya kazi kama nyara ya wizi?

Mke wangu alirudi saa zake zilezile, manukato yake mbele. Alisikia kimya, akatabasamu, akaenda uani kumwona mbwa. Tabasamu lilikatika.

"Nani kakwambia ufungue mfuko wangu?"

"Mbwa."

"Nakuuliza wewe!" Alikuwa ameshainama, anavuta pindo la kitenge, mbwa anavuta upande wa pili. "Umeniwekea uchafu wangu hapa nje, siku ya wageni, watu wote wanapita! Hukuona aibu?"

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kwa taratibu, baada ya kula. Lakini alipopaza sauti na mimi nikapaza yangu, na lile swali likatoka lenyewe.

"Sabuni ile anakununulia nani?"

Alikiachia kitenge. Alinitazama muda mrefu, kwanza hakuelewa, halafu akaelewa yote, na nikamwona anaelewa yote, kuanzia kwenye stuli ya mlangoni mpaka kwenye shati lililofuliwa.

"Ananinunulia mama yako," alisema.

Nilidhani ananidhihaki. Alikaa chini mchangani, palepale alipokaa Jumapili ile.

"Siku nilipoletwa kwenu," alisema, "mama yako alikuwa na kile kibuyu. Nikanyoosha mikono nimpokee, kama nilivyofundishwa. Akakivuta. Akasema mbele ya shangazi zako wote, mikono ya samaki ikishika kibuyu, maziwa hayagandi tena. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Wewe ulikuwa nje na wanaume wenzako."

"Hukuniambia."

"Nikwambie ili iweje? Ni mama yako. Halafu nikapata kazi hii. Nikasema, mume wangu hana kazi, na kila wiki kwao wanamwita arudi kwenye ng'ombe. Siku nikiingia humu nanuka sangara ataona mama yake alisema kweli. Ataondoka. Ndiyo maana wenzangu wakitoka mimi nabaki pale bombani nasugua. Nasugua mpaka ngozi inawaka. Wananicheka, wanasema naenda harusini kila siku. Na nguo zikishachafuka nazifungia kwenye mfuko, navaa nyingine, nazifua Jumapili ziwani."

Mbwa alikuwa ameshakirudisha kitenge chote kizimbani na kukilalia. Nilikuwa nimemaliza miezi namwogopa supavaiza, na yeye miezi hiyohiyo alikuwa anaogopa ng'ombe.

"Na shati?" niliuliza, maana ukaidi ni ugonjwa.

"Shati alikuwa analilalia mama mbwa. Ulitaka nimbebe kwenye nini, kofia?"

Sikuridhika sana. Mwanamume anayemtandikia mbwa shati la vile, kabati lake likoje? Hata hivyo nilimwambia kesho asisugue, aje moja kwa moja na wenzake.

"Hujui unachokisema," alijibu. "Utakimbia."

"Niache nikimbie mwenyewe."

Kesho yake nilikaa kwenye stuli. Kundi la wanawake lilipita na nzi wao, na mmoja akatoka kwenye kundi, akakata kona kuja kwetu. Mbwa alimsikia akiwa mbali. Alitoka kizimbani kama jiwe la manati, akanipita, akamrukia, akamlamba mikono, viwiko, vidole vya miguu, kila alipofika. Na mimi nilikuwa nimeinuka, nilitaka nimfikie wa kwanza, nikamkuta mbwa keshafika. Nilimwonea wivu palepale, sijui nitaacha lini tabia hii.

Mke wangu hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, mikono ameificha nyuma kama mwanafunzi siku ya kukaguliwa kucha. Harufu yake ilikuwa kali, siwezi kudanganya, machozi yalinilenga.

"Umeona?" alisema.

Nilikwenda ukutani, nikakitungua kibuyu. Maziwa ya Usagara yalikuwa bado yamejaa nusu. Nikamshika mkono, nikamvuta ndani, nikamwekea kibuyu katikati ya viganja vyake na kuvikunja vidole vyake juu ya shingo ya kibuyu. Magamba mawili ya sangara yalikuwa bado yamemganda kwenye kidole gumba, na moja likahamia kwenye kibuyu cha mama yangu.

"Kunywa," nilisema.

Alinywa. Aliyapenda, kumbe, aliyapenda sana, hakushusha kibuyu mpaka alipopata kwikwi. Mbwa alijipenyeza katikati yetu, anasukuma kwa pua, anataka mikono ile, anataka na maziwa. Nikambeba, nikamrudisha kizimbani juu ya kitenge chake, nikashusha mlango, nikarudi ndani kwa mke wangu. Akaanza kulia. Mama mwenye nyumba akagonga ukuta, akagonga tena, akaita jina langu.

Hatukutoka.